Msindikizaji wa Mwalimu

Jumatatu, 4 Mei

Mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wenzako wote wa karakana. Mimi ni mzima kiasi, na hicho "kiasi" ndicho kilichonishikisha kalamu.

Usishangae kuona barua. Simu zangu hupokei, na ujumbe wa simu ungesoma mstari wa kwanza ukafuta. Barua angalau ukitaka kuitupa itabidi uinuke uende kwenye ndoo ya taka, na mimi najua uvivu wako wa kuinuka ukishakaa.

Habari yenyewe ni hii. Tangu Januari sauti yangu imeharibika. Ilianza kama mafua. Nikanywa maji moto, nikanywa asali, kila mwalimu akaja na dawa ya bibi yake. Ikafika mahali asubuhi nasikika, saa sita nimebaki na sauti ya bata. Wanafunzi wanaoniita Kengele wakaanza kusema Kengele imepasuka. Halafu siku moja mwezi wa tatu nikafungua daftari la mahudhurio, nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Wanafunzi wakadhani ni adhabu mpya. Wakatulia! Miaka ishirini na mbili ya kufundisha, sijawahi kupata darasa limetulia vile.

Nimekwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Alinipitishia puani waya mwembamba wenye kamera, machozi yakanitoka, akanionyesha kwenye kioo nyuzi zangu za sauti. Ni mbili, nyeupe, zinapepea. Moja ina kiuvimbe kama punje ya mchele. Anasema kitolewe. Hakuna kupasuliwa shingo, wanapita mdomoni huku nimelazwa usingizi. Naingia asubuhi, alasiri niko kwangu. Tarehe ni Alhamisi, 28 Mei. Ni jambo dogo.

Sasa hospitali ina sharti. Aliyepewa dawa ya usingizi haruhusiwi kurudi nyumbani peke yake. Lazima awe na mtu mzima wa kumsubiri, kumsainia, kumrudisha na kulala naye nyumba moja mpaka kesho yake. Kwenye fomu kuna mstari: "Jina la msindikizaji", na chini yake, "Uhusiano". Siku ya tatu leo nimeushikia kalamu mstari huo.

Mwanangu yuko masomoni ng'ambo na ana mitihani. Jirani wa juu kiuno kinamsumbua, hata ngazi zake mwenyewe anashuka kwa kukaa. Mwalimu mkuu amejitolea kunipa mlinzi wa shule. Ni mtu mwema sana, lakini Kitinda, nikizinduka bila meno yangu ya bandia sitaki mlinzi wa shule awe wa kwanza kuniona.

Nakuomba uje wewe. Najua ni miaka minne hatujaonana. Usinijibu kwa haraka, lakini nijibu. Barua hii nimempa kondakta wa basi la asubuhi, ataiacha ofisi ya mizigo ya huko kwenu.

Ni mimi,
Dada yako


Jumatano, 13 Mei

Dada, shikamoo.

Barua nimeipata. Niliisoma nimesimama ofisi ya mizigo, nikaisoma tena nimekaa karakanani, kisha nikaifungia kwenye droo ya misumari kwa wiki nzima. Mimi ni mzima. Kazi ipo. Pole kwa koo.

Nikuulize kitu. Kwa miaka minne umenipigia simu, umenitumia salamu kwa huyu na yule, "mwambieni Kitinda mbona kimya". Hata siku moja hujauliza, "Nimekukosea nini?" Huulizi kwa sababu hujui, au kwa sababu unajua?

Kama hujui, nitakukumbusha. Ni siku ya sherehe yako ya kupanda cheo kuwa msaidizi wa mwalimu mkuu. Nilikuja na kile kiti cha mkono. Mbao nilichagua mwenyewe, springi nilizifunga moja moja, kitambaa cha kijani nilikitafuta mpaka nikakipata. Wiki tatu, dada, baada ya kazi za wateja. Njiani nilikaa nyuma ya pikapu nimekikumbatia kisikwaruzike. Nikakiweka mbele ya wageni wako. Na wewe ukashika kipaza sauti, ingawa hukuwa unakihitaji, ukasema: "Mnaona kiti hiki? Aliyekishona alikuwa wa kwanza darasani mwaka hadi mwaka. Akili zote zile zimeishia kwenye sponji!"

Walimu wako wote wakacheka. Yule wa hesabu alicheka mpaka akafuta macho. Na mimi nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba na mimi nilicheka. Kisha nikasema natoka nje kidogo kupunga hewa, nikaipunga hewa hiyo mpaka stendi.

Sikushindwa chuo, dada. Niliacha. Nilikaa mwaka mzima nikikariri vitu nisivyovipenda, na kila Jumamosi nakimbilia kwa fundi makochi wa mtaa wa nyuma kumshikia kitambaa. Mtu ananiletea kochi limebonyea, anasema litupwe. Ninalivua mpaka mifupa, ninatafuta linaumwa wapi, nalirudisha likiwa na adabu. Naipenda kazi hii. Nikiamka asubuhi naiwahi.

Kuhusu tarehe 28 sijasema ndiyo na sijasema hapana. Nina oda ya viti vya ukumbi wa hoteli, vimejaa mpaka mlangoni. Niandikie kwanza kile ambacho hukukiandika.

Mdogo wako


Jumatatu, 18 Mei

Kitinda mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia u mzima na kazi zimejaa mpaka mlangoni. Mimi bado ni bata.

Umeuliza sijui au najua. Najua. Nilijua jioni ileile, nilipoona sahani yako imebaki na chakula na begi lako halipo. Nikajiambia utatulia. Ulipokaa kimya mwezi nikajiambia una kisirani. Mwaka ulipoisha ikawa vigumu kuuliza, maana ningeuliza ungenijibu, na ukinijibu ningekuwa nimepatikana na kosa. Mimi kazi yangu ni kusahihisha wenzangu. Kusahihishwa sijazoea.

Nitakueleza ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Mama alipotutoka wewe ulikuwa na miaka tisa. Nilikusuka nywele, nilikukagua madaftari, nilikutetea kwa walimu. Na kila mtu niliyekutana naye nilimwambia, "Huyu mtamwona, huyu atakuwa daktari." Nililisema jambo hilo mtaa mzima. Ulipoacha chuo, niliona kama mimi ndiye niliyefeli, na watu wananiangalia. Siku ile ulipoingia na kiti, kabla mtu hajauliza nikawahi kutania. Ilikuwa aibu yangu, nikakuvika wewe. Na haikuwa hata aibu ya kitu chochote, maana kiti kilikuwa kizuri kuliko vyote vilivyomo ndani ya nyumba.

Nisamehe, Kitinda. Nimeandika neno hili na kulifuta mara nne kwa sababu lilikuwa linaonekana dogo kwenye karatasi. Sasa naliacha.

Maandalizi yanaendelea. Nimepimwa damu, presha na moyo. Nesi ana orodha ndefu kuliko ya vifaa vya shule: pete itoke, hereni zitoke, rangi ya kucha itoke, meno ya bandia yatoke, nisile wala nisinywe chochote kuanzia usiku wa kuamkia siku yenyewe. Pete imegoma. Nimejaribu sabuni, nimejaribu mafuta, kidole kimevimba na pete inanitazama tu. Jirani wa juu anasema nizungushie uzi. Tutajaribu kesho.

Baada ya upasuaji sitaruhusiwa kusema siku saba, kwa hiyo darasani tayari tunajifunza kuishi bila mdomo wangu. Kofi moja, kaeni. Makofi mawili, fungueni vitabu. Matatu, nimekuona wewe wa nyuma. Hili la tatu wanalielewa kuliko yale mawili.

Nesi aliniuliza mstari wa msindikizaji tuandike nani. Nikasema, "Mdogo wangu." Akauliza, "Ana hakika ya kuja?" Nikasema, "Andika tu." Ameandika kwa wino. Usipokuja nitaelewa, nitakwenda kukata mstari huo mwenyewe.

Dada yako


Alhamisi, 21 Mei (ujumbe wa simu)

Dada shikamoo. Nakuja Jumatano, basi la saa nne. Usinipikie na usinililie stendi. Pete: uzi na mafuta, vuta taratibu, mkono uwe juu. Mdogo wako.


Alhamisi, 28 Mei, saa tano asubuhi (daftari la dada, kitandani hospitalini)

Nimesema chochote nikiwa usingizini?

Kweli?

Apa.

Maji.

Hapana, koo siyo sana. Taya linauma kama nimetafuna kokoto. Ulimi una ganzi.

Meno yangu yako wapi?

Ahsante. Geuka huko kwanza.

Daktari amesema nini?

Kingine?

Mbona umenuna?

Kitinda, nani kakuambia?


Jumapili, 31 Mei

Dada, shikamoo.

Naiacha barua hii chini ya chupa ya chai. Umelala, na basi langu ni la saa sita. Nimeona niandike, maana siku tatu hizi nimejizuia kugombana nawe. Kugombana na mtu asiyeruhusiwa kujibu ni uonevu, ingawa kusema kweli nimetamani sana. Nafasi kama hiyo sitaipata tena maishani.

Hujui Alhamisi ilikwendaje upande wangu, kwa hiyo nikusimulie. Walikupeleka kwenye kitanda cha magurudumu saa mbili na nusu, umevaa kile kikofia cha karatasi, umenipungia mkono kama unakwenda safari. Mlango ukafungwa. Nikakaa kwenye benchi la korido. Sponji ya benchi lile, dada, ni dhambi. Nilianza kuhesabu mishono iliyofumuka ili nisifikirie. Saa tatu. Saa tatu na nusu. Wengine wakaitwa, wakaondoka na watu wao. Mimi nimekaa nimeshika mfuko wenye viatu vyako na kikopo cha meno yako.

Saa nne na dakika kumi nesi akaita, "Msindikizaji wa mwalimu!" Sikuinuka. Sikujua ni mimi. Akaita tena. Nikainuka na mfuko wangu.

Daktari alikuwa amevuta barakoa mpaka kidevuni. Akasema, "Imekwenda vizuri, kimetoka chote, anaamka sasa hivi." Nikashusha pumzi mpaka tumboni. Kisha akasema, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, "Kipande tumekipeleka maabara kuangalia kama ni saratani, kama tulivyomweleza dada yako. Majibu wiki mbili."

Kama tulivyomweleza dada yako.

Nikamuuliza lini, akasema Aprili. Kumbe ulijua. Barua mbili umeniandikia, za kurasa nzima, umenieleza habari za pete na za makofi, na neno hilo hukuliandika. "Ni jambo dogo." Nilisimama pale nikakuchukia vizuri sana kwa dakika moja hivi, halafu nikaogopa. Niliogopa, dada. Nilifikiria miaka minne ambayo simu yako ilikuwa inaita nami naiangalia tu mpaka inyamaze.

Halafu wakaniingiza kwako, umevimba midomo, umepotea kwenye shuka, na kitu cha kwanza unachoomba ni kalamu, ili uulize kama umesema chochote usingizini! Nesi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Sikukwambia kweli siku ile. Hukusema neno. Ila ulikoroma, na kukoroma kwako hakujaharibika hata kidogo.

Mengine ni haya. Nilipoingia chumbani kwako kutafuta blanketi nikakuta kile kiti. Nilidhani ulishakigawa. Kipo dirishani, mikono yake imechakaa kwa viwiko, kuna wino mwekundu kwenye kitambaa. Nimekikagua kwa hasira nikitafuta kosa langu, nikakuta springi moja ya kushoto imelegea. Jana ulipolala nimeikaza. Sikwambii zaidi ya hapo.

Uji nimeuacha kwenye sufuria, uupoze kabla ya kunywa. Mtindi upo. Daktari alisema usinong'one, maana kunong'ona kunachosha nyuzi kuliko kusema. Jana nilikusikia unamnong'oneza jirani wa juu kwenye ngazi. Na usikohoe-kohoe kusafisha koo, meza mate au kunywa maji. Nimenunua kengele mbili za mezani, moja ya kwako na moja nimempelekea jirani: ukipiga yako naye ataipiga yake kuonyesha amesikia. Amesema atashuka hata kwa kukaa.

Usiende kuchukua majibu peke yako. Nasema hivi mara moja tu.

Mdogo wako


Ijumaa, 5 Juni

Kitinda mdogo wangu,

Natumaini ulifika salama na viti vya hoteli havijakulia njama. Mimi naendelea vizuri. Taya limetulia, ladha ya chakula imerudi, na jana nimerudi kliniki kuangaliwa. Kovu ni dogo, linapona.

Siku saba za kimya nimezimaliza, na nina mengi ya kusimulia kuhusu watu. Mtu asiyesema hudhaniwa pia hasikii. Muuza mkate alinipigia kelele sikioni. Mwalimu mkuu alikuja kunijulia hali, na kwa kuwa mimi sisemi naye akaanza kuongea kwa mikono, tukakaa nusu saa watu wawili wenye akili zao tunapungiana. Jirani wa juu ndiye pekee aliyefurahi. Anasema miaka yote hajawahi kumaliza hadithi mbele yangu, na wiki hii amemaliza kumi na moja.

Jana mtaalamu wa sauti alinifundisha kuanza. Kwanza nikavuma tu, midomo imefungwa, kama nyuki yuko chumba cha pili. Kisha akaniambia, "Sema moja." Fikiria, Kitinda. Mimi niliyesema mbele ya wazazi mia tatu, nikaogopa kusema moja. Nikasema. Ilitoka sauti nyembamba, ya chini, ya mwanamke nisiyemfahamu. Lakini haikukwaruza. Naruhusiwa dakika tano kwa siku, na zitaongezwa.

Sasa lile la kukuficha. Sina ujanja wa kulizunguka. Daktari aliniambia Aprili kwamba huenda si kitu, lakini hawezi kujua mpaka kipimwe. Nilitoka pale nikasimama nje ya duka la viatu, nikaangalia viatu vya watoto kwa muda mrefu bila kuviona. Nilipokuandikia, nilianza kuandika neno hilo. Halafu nikafikiri: nikimwambia, atakuja. Atakuja mbio kwa sababu ya huruma, atanisamehe kwa sababu huenda ninakufa, na mimi sitajua kamwe kama angekuja vinginevyo. Nilitaka uje ukiwa na hasira yako nzima, kama mtu anavyomjia dada yake. Ulikuja hivyo hivyo, umenuna tangu stendi. Sijawahi kupata furaha kama ya kukuona umenuna vile.

Ila nilikuacha ulisikie jambo lile kwenye korido, kwa mtu baki, na mfuko wa viatu mkononi. Hilo ni kosa jipya, si lile la zamani, nami naliomba msamaha peke yake.

Majibu ni Alhamisi tarehe 11, saa nne asubuhi. Siendi bila wewe. Ukishindwa, nitawapigia waahirishe. Au niseme, jirani atawapigia.

Dada yako


Jumanne, 9 Juni (ujumbe wa simu)

Dada shikamoo. Nakuja kesho. Viti vitasubiri, vina miguu minne, havitaanguka. Lala mapema na usimnong'oneze mtu. Mdogo wako.


Jumapili, 14 Juni

Kitinda mdogo wangu,

Umefika salama? Mimi ni mzima. Naandika tena: ni mzima. Bila "kiasi".

Nimeona nikuandikie habari ya Alhamisi ingawa ulikuwepo, kwa sababu siku ile hatukuweza kuizungumza. Mimi dakika zangu tano zilikwisha kwenye kumsalimia yule karani wa mapokezi aliyetaka kujua jina la babu yangu, na wewe baadaye hukuwa katika hali ya kuongea.

Sikumbuki daktari alivaa nini. Nakumbuka bahasha, na kwamba aliifungua kwa ncha ya kalamu taratibu kama mtu anayemenya yai. Nakumbuka umenishika mkono ule wa pete na vidole vyako vina gundi. Akasoma kimya kwanza. Kwa nini wanasoma kimya kwanza? Kisha akasema, "Hakuna saratani. Ni uvimbe wa kawaida wa watu wanaotumia sauti yao kama nyundo."

Mimi niliangalia ile kalamu yake. Wewe ndiye uliyesema, "Soma tena, daktari." Akasoma tena. Ukamuuliza kama ana hakika kuwa jina la juu ni langu. Akakupa karatasi, ukalisoma jina langu kwa kidole, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza, na mimi mwalimu nikakuacha uchukue muda wako. Kisha ukasema "Haya," ukatoka nje, na nilipokufuata nikakuta umekaa kwenye ukingo wa barabara mbele ya geti, unalia kwa sauti mpaka muuza magazeti amekuja kukuuliza umefiwa na nani. Ukamwambia, "Hakuna! Hakuna hata mmoja!" Maskini mtu wa watu, aliondoka kinyumenyume.

Nilitaka kucheka nikakumbuka koo. Nikacheka kwa mabega tu. Nikakaa na mimi pale ukingoni, na sketi yangu ya kazi.

Nilipofika nyumbani nililala mchana mzima bila kuota. Nikaamka nina njaa, nikala kila kilichokuwemo ndani. Nimempigia mwanangu, nimetumia dakika mbili nzima kumwambia, naye akasema, "Mama, ni wewe? Unasikika kama redio iliyopunguzwa." Nikamwambia azoee.

Daktari ameniruhusu kurudi shule Jumatatu ya tarehe 22, kwa masharti: kuvaa kipaza sauti kidogo shingoni, kunywa maji kila kipindi, na kutomwita mwanafunzi aliye ng'ambo ya uwanja. Nimfuate. Nimemwambia sasa nitapungua unene. Sauti ya zamani yote haitarudi, amesema. Nimelipokea. Ile ilikuwa nyingi mno kwa mtu mmoja.

Usiponijibu upesi nitajua ni viti.

Dada yako


Jumanne, 30 Juni

Dada, shikamoo.

Natumaini koo linaendelea kukutii na wewe unaendelea kulitii. Mimi ni mzima. Viti vya hoteli nimevikabidhi Ijumaa, vyote, na meneja alikaa kwenye kila kimoja, nikamwacha.

Nilitaka kukujibu wiki iliyopita nikawa sina la kusema. Sasa ninalo.

Jumamosi nilikuwa karakanani, nina misumari midomoni, akaingia mwanaume ameshika futi kamba. Nikamtambua kabla hajavua kofia. Ni mwalimu wenu wa hesabu. Nikaacha asimame. Akasema amekuja huku kumwona mama mkwe wake, ambaye ana kochi la watu watatu limelala upande mmoja, ameshalipima mwenyewe mara mbili. Nikachukua vipimo. Nikamwonyesha vitambaa. Ananiangalia, anaangalia chini. Mwishowe nikatema misumari nikamuuliza, "Mwalimu, kuna kingine?"

Akasema, "Dada yako hajakwambia?"

Nikamwambia hajaniambia nini.

Basi akanieleza. Kwamba siku ya kwanza uliporudi, saa ya chai, walimu wote wako kwenye chumba chao wanakupigia makofi, wanataka kusikia hiyo sauti mpya. Kwamba walitega masikio wakidhani utatania. Kwamba ulisimama, ukavua kipaza sauti ukakiweka mezani ili wasogee karibu, na ukawaambia miaka minne iliyopita ulimfanyia mzaha mdogo wako mbele yao, na walicheka, na mzaha ule ulikuwa uongo. Ukawaambia mimi ni fundi, na mimi ndiye niliyekusubiri kwenye korido ya hospitali. Alisema ulikaa chini ukanywa maji yako na hukuongeza neno mpaka saa ya kwenda nyumbani, kwa sababu dakika zako za siku ile zilikuwa zimekwisha.

Kisha akasema, "Na mimi nilicheka kuliko wote." Nikamwambia nakumbuka. Akasema, "Nisamehe." Mtu mzima yule, na futi kamba yake. Nikamwambia kochi litakuwa tayari baada ya wiki tatu, na kwamba nisingemshauri kitambaa cheupe, kwa umri wa wajukuu aliowataja.

Alipoondoka nilifunga mlango wa karakana mchana kweupe, nikakaa chini kwenye vipande vya sponji. Mteja mmoja aligonga akaondoka.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini hukuniandikia. Ungeniandikia ningejua umefanya ili nijue. Sasa sina hata pa kushikia, dada. Nimetafuta kosa, nimekosa.

Nimesamehe. Nadhani nilishasamehe korido ileile, ila nilikuwa sijapata nafasi ya kukaa nikaona.

Mwezi ujao shule zikifungwa njoo ukae huku kwangu wiki mbili. Utalala chumba cha mbele. Mchana utakuja karakanani, utakaa tu, hakuna wa kumfokea.

Na Jumapili hii saa kumi alasiri nitakupigia simu. Usijisumbue na salamu, zitakulia dakika. Wewe pokea, pumua nisikie upo. Kuongea nitaongea mimi.

Mdogo wako